Risala ya waratibu na makarani wa timu za utafiti wa saratani kwa Mgeni Rasmi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa serikali na wa dini, madaktari, wauguzi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo, nawe tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Karibu Moshi. Mlima umejifunika tangu asubuhi, lakini upo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sisi ni waratibu, makarani wa data, watunza kumbukumbu, wahasibu na madereva. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi joto 65 huenda vinachangia saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Hapa Kilimanjaro, ambako ugonjwa huo tunaufahamu, joto la chai ya watu wetu lilikuwa limekwisha kupimwa na watafiti, na kila kipimo kiliandikwa na mtu. Karani akikosea tarakimu moja ya namba ya mshiriki, chai ya bibi wa Marangu inakuwa ya babu wa Same, na daktari hana pa kulijulia hilo.

Kabla mshiriki hajaulizwa swali la kwanza, sisi tumekwisha kufuatilia vibali vya maadili ya utafiti, kikiwemo cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambacho huhuishwa kila mwaka. Hapa tukiri kosa letu. Kuna mradi ambao taarifa yake ya maendeleo ilichelewa mezani kwetu, kibali kikaisha muda, kazi ikasimama. Asubuhi hiyo mama mmoja alikuwa amefika kutoka Rombo kwa gari la alfajiri. Tulimrudisha. Tangu siku hiyo tarehe za vibali tumezibandika ukutani kwa wino mwekundu, juu ya birika la chai, mahali ambapo hakuna asiyepita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Umeme ukikatika tunakimbilia jenereta kwa ajili ya majokofu ya sampuli, hilo tumelizoea. Linalotuchosha ni nauli. Mgonjwa hushuka kwa bodaboda hadi barabara kuu, kisha hupanda daladala. Wakati wa kurejesha masurufu, yaani kutoa hesabu ya fedha tulizotanguliziwa, tunadaiwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Bodaboda wa kijijini ataitoa wapi? Mara nyingine mratibu hulipa kutoka mfukoni kuliko kumwacha mgonjwa stendi. Tunaomba utusemee kwa wahusika, fomu yenye saini au dole gumba la mshiriki, ikithibitishwa na msimamizi, ikubalike kuwa stakabadhi ya nauli.

Ombi letu la pili ni mikataba. Mradi ukifika mwisho, karani naye hufungasha, ilhali fomu za ridhaa na madodoso hutakiwa kutunzwa miaka mingi baadaye. Anayejua boksi lipi lina nini anakuwa ameshaondoka, pengine yuko Arusha anauza vifaa vya simu. Tunaomba taasisi zitenge walau nafasi chache za kudumu za uratibu na kumbukumbu, zisizotegemea mfadhili mmoja.

Baada ya chakula tunakuomba, Mheshimiwa, upite chumba cha kumbukumbu. Ni kidogo, mtaingia wawili wawili. Funguo anazo mzee wetu wa masijala, na amekwisha kufuta vumbi.

Tunaomba kuwasilisha.