Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kaunti ya Lamu Anayesimamia Utalii na Utamaduni

Mheshimiwa Waziri,

Salamu aleikum. Baada ya salamu, nakuandikia nikiwa mkaazi wa Langoni ambaye kwa miaka sita nimekuwa msaidizi wa utayarishaji kila kikundi cha filamu kinapotua Lamu, kazi isiyo na ofisi wala mshahara wa mwezi, na ambayo huisha siku kamera zinaporudishwa uwanja wa ndege wa Manda.

Wengi hudhani kazi yetu ni kubeba masanduku. Tunayabeba, naam, lakini katika mji usio na magari ni lazima pia awepo mtu anayejua maji yatakupwa saa ngapi kabla taa hazijapakiwa mashuani kwenda Shela, ni nani mwenye punda wasioshtuka, na zimebaki dakika ngapi kabla ya adhana ya alasiri, ili mrekodi sauti asikatizwe. Mwaka jana nilisimama kwenye kichochoro nikiwaomba wapita njia, kwa heshima zote, wasubiri dakika tatu tu. Bibi mmoja aliniambia kwamba alikuwa akiipita njia hiyo kabla mimi sijazaliwa, akapita zake, na picha ikarudiwa.

Kazi hiyo ilikuwa ya siku tisa, kwa makubaliano ya mdomo ya shilingi 2,500 kwa siku. Malipo yalikuja baada ya miezi miwili na nusu, tena yakiwa yamepungua siku mbili, ambazo ghafla ziliitwa za matayarisho. Nilipouliza, ajenti aliyenichukua, ambaye simtaji, alinijibu kwamba mimi si mwajiriwa bali ni mtoa huduma aliye huru. Uhuru huo sikuuona nilipoamshwa kwa simu saa kumi alfajiri, wala saa tatu usiku nilipokuwa nikikung'uta mchanga kwenye nyaya.

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, na kazi zetu hazifiki huko. Sheria hiyohiyo inasema kwamba aliyeajiriwa kwa zaidi ya siku moja, lakini si zaidi ya mwezi, alipwe kipindi hicho kinapokwisha. Lakini bila karatasi, nitathibitishaje kwamba niliajiriwa, na kwa siku ngapi?

Najua leseni ya kupiga filamu hutoka Nairobi na haimo mikononi mwako. Hata hivyo, vikundi nilivyofanya navyo kazi vilipitia pia kwa kaunti kuomba ridhaa ya kutumia mitaa na ufuo. Ombi langu ni kwamba, kabla ya ridhaa hiyo kutolewa, ajenti awasilishe ukurasa mmoja kwa kila kibarua wa hapa: kiasi cha malipo, idadi ya siku, tarehe ya kulipwa, na atakayegharamia matibabu mtu akiumia kazini. Wapo watakaosema kwamba masharti yatawakimbiza wageni. Siamini kwamba kikundi kinachoufuata Mji wa Kale, ulio katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, kitaghairi safari kwa sababu ya karatasi moja.

Ukurasa huo nimekwisha kuuandika kwa Kiswahili, na Jumatatu asubuhi nitavuka nao hadi Mokowe niuwasilishe ofisini kwako.

Wasalaam,
Msaidizi wa utayarishaji, Langoni, Lamu