Kijana wangu ana miaka 19, na namba yake ya kitambulisho inasema hivyo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa TEHAMA na Mwongozo wa Taifa, Kampala

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Busia. Nina duka dogo la rejareja hapa mjini, upande wetu wa mpaka, na ndani ya droo kuna daftari la madeni. Kurasa zake za nyuma nimezijaza kitu ambacho si deni: meseji za kamari zilizoingia kwenye simu ya mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye ninamlea. Kwa wiki 4 nilihesabu 37. Ijumaa jioni inaingia ya kwanza, Jumamosi inaingia nyingine kabla ya mechi za Uingereza, na akikaa siku 3 bila kubeti anaambiwa amewekewa bonasi ya shilingi 1,000 inayokwisha saa sita usiku.

Nimezisoma meseji hizo mara nyingi kuliko yeye. Nilifundisha shule ya msingi miaka 12 kabla ya kufungua duka, na mtu anayejua kufundisha namtambua. Aliyeziandika anajua. Kijana anaitwa kwa jina lake. Haambiwi acheze kamari. Anaambiwa zawadi yake inamngoja, kana kwamba pesa zimekwisha kuwa zake na asipozichukua amezipoteza. Muda ni mfupi ili asipate nafasi ya kumuuliza mtu. Kiasi anachoombwa kubeti ni shilingi 500, haifiki hata bei ya soda, maana anayeombwa 50,000 atakaa chini afikiri. Kisha wanatajwa washindi, fulani kapata milioni. Walioliwa hawatajwi, ingawa milioni hiyo ilitoka mifukoni mwao.

Sheria yetu ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya 2016 inasema hakuna kubeti kabla ya miaka 25. Kijana huyu alizaliwa 2006. Hadi 2031 si mteja wao kisheria. Nilipoipigia simu kampuni hiyo, binti aliyepokea alinijibu kwa upole kabisa kwamba wao hawawezi kujua umri wa kila mwenye simu.

Hapo ndipo nilipokasirika kiasi cha kukuandikia. Laini yake imesajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa, kama zetu sote. Toa chako, Mheshimiwa, ukitazame: baada ya herufi 2 za mwanzo, tarakimu 2 zinazofuata ni mwaka wa kuzaliwa. Zake ni 06. Kampuni ya kamari huenda haiioni namba hiyo, lakini mtandao wa simu unaopeleka meseji unayo, na unalipwa kuzipeleka. Najua wapo vijana wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya mama zao. Hao tuachieni sisi akina mama.

Yule binti alishauri kijana atume neno la kujitoa. Akatuma. Siku 5 kimya, kisha zikaanza kuingia kutoka namba nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumiwe kumtangazia biashara, lakini kuidai haki hiyo namba moja baada ya nyingine ni kufukuza nzi buchani.

Redio nayo ni shauri gumu zaidi. Mtangazaji tuliyemzoea, yule anayetusomea matangazo ya vifo asubuhi tukanyamaza wote dukani, anageuka katikati ya salamu na kuisifu kampuni ya kamari kwa sauti ile ile, bila kusema kwamba amelipwa. Redio za Kenya nazo tunazipata safi, na kule umri wa kubeti ni miaka 18. Mawimbi hayagongewi muhuri mpakani, hilo sikulaumu.

Wapo watakaosema tangazo halimlazimishi mtu. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc, huko Marekani, aliwaonyesha watu maneno yasiyo na maana yoyote, mengine mara chache, mengine mara nyingi. Yale waliyoyaona mara nyingi wakayadhania kuwa na maana nzuri zaidi. Hakuna aliyekuwa ameyasifia, yalizoeleka tu. Mimi ushahidi wangu ni ukuta. Miaka kadhaa iliyopita kampuni ya sabuni ilinipakia duka rangi bure, nikashukuru. Jina langu waliliandika chini kwa herufi ndogo, limekwisha kufutika. Leo watoto wakitumwa kwangu wanaambiwa waende kwa sabuni fulani, na wakifika wanaitaka hiyo hiyo, ingawa ya bei nafuu iko pembeni yake. Niliuza jina langu kwa ndoo 2 za rangi, Mheshimiwa, kwa hiyo siandiki kama mtakatifu.

Wala sitakubali kuambiwa haiwezekani. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 ilifuta matangazo ya sigara. Sigara zenyewe bado zipo, wanaovuta wanavuta, lakini lini mara ya mwisho umesikia redio ikizisifu?

Ninaloomba ni hili. Mtandao wa simu usipeleke meseji ya kamari kwenye laini ambayo kitambulisho chake kinaonyesha mwenyewe hajatimiza miaka 25. Tume ya Mawasiliano iko chini ya wizara yako, iagize. Kompyuta za mitandao hiyo zinajua dakika ile ile nani ameishiwa salio, zinamletea mkopo wa muda wa maongezi kabla hajaweka simu mfukoni. Hazitashindwa kutoa 2006 kwenye mwaka tulio nao. Na mtangazaji akilipwa kusifu kamari, aseme amelipwa, kabla ya kusifu na si baada.

Liko jingine, la haraka. Wiki iliyopita alikuja wakala wa kampuni ya kamari. Anataka ukuta wangu wa ubavuni, ule unaotazamana na lango la shule ya msingi, kwa shilingi 300,000 kwa mwaka. Pesa hizo nina shida nazo. Sijamkatalia, nimemwambia arudi mwisho wa mwezi. Ningefurahi kupata jibu lako kabla hajaja na brashi.

Wako mtiifu,
Mwenye duka, Busia