Mtoto wa dawati la nyuma naye asikike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikishie walimu wenzangu na wakuu wa shule ombi moja: kabla ya kununua skrini kubwa kwa ajili ya vipindi vya simu za video, nunueni kwanza kipaza sauti kizuri.

Nasema hivi kwa sababu ya mwanafunzi wangu mmoja. Tulimpata mtaalamu wa viumbe wa baharini, akakubali kuzungumza na darasa langu la watoto arobaini kutoka huko aliko. Picha ilikuwa safi, magamba ya samaki yanahesabika ukutani. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, siku hiyo alisimama akauliza swali. Mgeni hakusikia. Akarudia kwa sauti zaidi. "Samahani, sijakupata," mgeni akasema. Binti akaketi, swali lake nikaliuliza mimi, na hakunyoosha mkono tena hadi kengele ikalia.

Nililaumu mtandao, kumbe mtandao haukuwa na kosa. Kipaza sauti cha kompyuta ya mkononi kimetengenezewa mtu mmoja aliyekaa mbele yake, na programu hizi huchuja chochote zinachokidhania kuwa kelele: feni, viti vinavyoburutwa, minong'ono. Sauti ya mtoto aliye mita saba nyuma huweza kuchujwa pamoja na takataka hizo. Anayesikika vizuri ni mwalimu peke yake, kwa kuwa amesimama karibu na mashine. Kipindi kinageuka mazungumzo ya watu wazima wawili, watoto wanabaki watazamaji. Hilo linaniuma, maana simu tulipiga kwa ajili yao.

Tangu siku ile naweka kiti kimoja mbele ya kompyuta. Mwenye swali anakuja, anakaa, anauliza, na haondoki mpaka ajibiwe, kwa sababu jibu zuri huzaa swali la pili. Nawafundisha pia kusubiri kidogo kabla ya kusema. Shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Ikizidi sana hapo, watu huanza kukatizana, na mtoto akikatizwa hudhani amekosea. Mtandao ukiyumba tunazima picha, tunabaki na sauti.

Kuhusu programu ipi itumike, sina ugomvi na mtu. Skype ilianza mwaka 2003 na kufungwa Mei 2025. Ule mchezo uliopendwa humo, wa madarasa mawili yasiyojuana kubahatisha mwenzake yuko wapi kwa maswali ya ndiyo au hapana, unachezeka vilevile kwenye Zoom au Google Meet. Hata dakika 40 za Zoom ya bure zinatosha, mradi mgeni aongee kumi na zinazobaki awaachie watoto.

Muhula uliofuata tulimwita tena mtaalamu yule. Binti alikaa kwenye kiti, akauliza lile lile: samaki hulalaje ilhali hawafumbi macho? Mgeni hakujibu papo hapo. Aligeuza kamera kuelekea tangi lililokuwa nyuma yake, akamwambia, "Hebu mtazame yule wa chini kabisa." Darasa zima likasogea mbele.

Mwalimu wa sayansi