Kwa Zuhura, kuhusu modeli ya pampu

Mpendwa Zuhura,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini kwamba wewe na watoto hamjambo. Sisi huku tu wazima, na Mama Faraja anakukumbusha kuwa bado anakusubiri.

Barua yako kuhusu modeli ya kompyuta unayoitumia kukadiria uwezekano wa pampu za maji kuharibika imenitia wasiwasi. Kompyuta kuishiwa kumbukumbu si ajabu, kwa kuwa pampu 10, kila moja ikiwa na hali 3 (inafanya kazi, imeharibika, inatengenezwa), huzaa hali 59,049 za mfumo mzima, na zikifika pampu 20 hali hizo huvuka bilioni 3. Kinachonisumbua ni ile nia yako ya kufuta hali zenye uwezekano mdogo mno. Pampu zote kukosa kutoa maji kwa wakati mmoja ni jambo la nadra, lakini ndilo hasa wanalokuuliza watu wa mradi. Ukilifuta, utakuwa umefuta jibu lenyewe.

Nakusihi uunganishe hali badala ya kuzifuta. Sharti lake lilielezwa na wanahisabati Kemeny na Snell mwaka 1960: hali mbili huwekwa katika kundi moja iwapo, kwa kila kundi, jumla ya uwezekano wa kuhamia huko ni ileile kutoka kila mojawapo. Pampu zikiwa za aina moja, huna haja ya kukumbuka ni ipi iliyoharibika. Inatosha kujua ngapi zinafanya kazi, ngapi zimeharibika na ngapi zimo mikononi mwa mafundi, na hapo zile 59,049 hubaki 66 bila jibu kubadilika hata chembe. Lakini uliandika kwamba pampu ya zahanati ni kuukuu na huharibika zaidi ya nyingine. Hiyo usiichanganye: itenge, uhesabu zile 9 pamoja, nawe utapata hali 165, ambazo bado ni chache sana.

Storm, programu ya kukokotoa uwezekano katika modeli kama hizi, inaweza kukuunganishia hali hizo, ila kwa kawaida hujenga kwanza modeli nzima. Kwa hiyo kwa pampu 20 andika hesabu hizo tangu mwanzo. Na ukilazimika kufuta chochote, tafadhali jumlisha uwezekano uliotupwa na uutaje waziwazi.

Je, zipo pampu zinazotegemea laini moja ya umeme? Zile nyingine kweli ni za aina moja, au ndivyo ulivyoambiwa tu? Msimamizi wako amekwisha kuuona mpango wa kufuta? Na utanitumia faili lini?

Wako daima,
Salma