Kwa vijana wa mazoezi ya jioni, Nyamagana

Wanangu,

Kila jioni mnanipa shikamoo pale ukutani. Jumamosi niliitikia kwa shingo upande, na sababu ni hii. Mtu wa jukwaani alimpigia kelele mwenzenu wa mita 400 avue hijabu ndipo akimbie. Nyinyi mliokuwa kando yake mkainama, mkajifanya mnafunga kamba za viatu. Mkaja kumpa pole kwenye daladala ya Igoma.

Pole ya namna hiyo naijua, maana nami niliwahi kuitoa. Beki wetu wa kulia alikuwa Mhindi mzaliwa wa hapahapa, Kisukuma kinamtoka kama maji. Tulipokwenda ugenini, mashabiki wakamwimbia arudi kwao. Kwao wapi, naye kazaliwa Makoroboi? Nahodha nilikuwa mimi. Refa alikuwa hatua kumi kutoka niliposimama, na sikumwendea. Usiku nikampa pole. Alinishukuru kwa adabu, na msimu uliofuata hakuja tena mazoezini. Hadi leo nikipita mtaani kwao moyo unaniuma.

Mnamjua John Stephen Akhwari wetu, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Katika michezo hiyohiyo, Wamarekani weusi wawili, Tommie Smith na John Carlos, waliinua ngumi kwenye jukwaa la washindi wa mita 200 kupinga ubaguzi. Wa pili katika mbio zile alikuwa mzungu wa Australia, Peter Norman. Yeye hakuinua ngumi. Aliomba beji kama yao, ya kutetea haki za binadamu, akaibandika kifuani akapanda nayo. Kijibeji tu! Kwao alilaumiwa vibaya. Alipofariki mwaka 2006, Smith na Carlos walisafiri hadi Australia wakabeba jeneza lake mabegani.

Na msidanganywe kuwa hijabu inavunja kanuni. Sarah Attar wa Saudi Arabia alikimbia mita 800 katika Olimpiki ya London mwaka 2012, kichwa kimefunikwa.

Jumamosi ijayo binti yetu anakimbia tena. Akiitwa, msindikizeni nyote hadi mstarini, mmoja ambebee chupa ya maji. Yule mtu akianza maneno yake, nahodha amwendee mwamuzi palepale, kabla bastola haijalia. Nami nitashuka kutoka ukutani, nije nisimame nanyi.

Mzee wenu,
Mirongo, Mwanza