Barua ya wazi kwa mama mdogo: Sultani hakulishwa sumu

Shikamoo mama mdogo.

Najua macho yanakusumbua na hupendi vitu virefu kwenye simu, mwambie mjukuu wako akusomee ila asiruke mahali. Naandika wazi, kila mtu asome, kwa sababu humu kuna watu wengi wana paka dume nyumbani na hawajui hili ninalotaka kusema, kama mimi nilivyokuwa sijui mpaka mwezi uliopita.

Juzi uliponipigia ukaniuliza "laki sita, mwanangu, kwa paka?" nilinyamaza ukadhani nimenuna. Sikununa mama. Ni swali la haki kabisa, hela yenyewe ilikuwa ya mchezo, zamu yangu niliyoisubiri miezi kumi ninunue friji, na wewe unajua kuna watoto hapo Tanga wanarudishwa nyumbani kwa vitu vidogo. Lakini jibu lake haliwezi kukaa kwenye simu, maana linaanzia kwa Kashata, paka wangu, na kuishia kwa Sultani, paka wa bibi.

Kwanza Kashata. Mwezi ule tulikuwa tumehama, tumetoka Temeke tumekuja huku Mbagala, nyumba mpya, mafundi wanagonga kutwa, na uani kuna paka wa jirani anakuja kumkoromea dirishani. Wiki ya kwanza tu nikaona anakojoa nje ya beseni lake la mchanga, mara sakafuni, mara kwenye ndoo ya nguo, vitone tu, na vingine vina damu. Nikampeleka sehemu moja wanatibu mifugo, hata hawakumgusa tumbo wala kupima mkojo, wakamchoma antibaotiki wakachukua elfu thelathini na tano yao nikarudi. Siku tano akawa sawa nikashukuru nikajua kapona. Baadaye ndo naambiwa kwamba kwa paka wengi ule ugonjwa wa kibofu kuvimba hauletwi na wadudu kabisa, unakuja na msongo, mambo kama kuhama, kelele, paka mgeni, na mara nyingi unatulia wenyewe ndani ya wiki na sindano inapata sifa isiyo yake. Kilichouleta kikiwa bado kipo, unarudi.

Ukarudi. Ijumaa jioni naingia namkuta kwenye beseni amechuchumaa, anajikamua, hakuna kitu. Anatoka, anajilamba huko chini, anarudi tena. Mara kumi, mara kumi na tano. Mimi nikasema huyu choo kimekuwa kigumu, kala mifupa, na jirani naye akasema hivyo hivyo, nikampa kijiko cha mafuta ya kula. Hili ndo kosa langu mama na nalirudia kichwani kila siku, yaani nilimuona anateseka nikaamua ni choo kwa sababu mkao ni ule ule. Usiku akaanza kulia, si mlio wa njaa, mlio mzito unatoka chini tumboni. Mtu mwingine akaniambia mpe kipande cha Panadol kitulize maumivu. Kidonge nilikuwa nimeshakivunja, sijui ni nini kilichonizuia, labda ni ile kwamba alikuwa hataki kufunguliwa mdomo. Nisikilizeni wote mnaosoma: paracetamol kwa paka ni sumu. Ini lake halina namna ya kuisafisha kama letu, damu inashindwa kubeba hewa, kidonge kimoja kinatosha kumuua. Sijui ni paka wangapi wamekufa kwa huruma ya namna hiyo.

Alfajiri akatapika. Akawa amelala tu pembeni, masikio ya baridi. Nikamfunga kwenye kanga nikamkimbiza kwa bwana mifugo wa mtaa, yule anayechanja kuku na kutibu mbuzi, na namuombea dua kwa ukweli wake. Alimshika tumbo, akakaa kimya, akachukua mkono wangu akauweka pale pale. Mama, kilikuwa kitu kigumu, cha duara, kama chungwa. "Huu ni mkojo," akasema, "umeziba. Mimi vifaa vya paka sina. Nenda hospitali sasa hivi, usiseme nitaenda Jumatatu, Jumatatu utakuwa unamzika."

Ndani ya bajaji nilikuwa nampepea kama mgonjwa mtu mzima. Kule wakatuingiza moja kwa moja, wakachukua damu, daktari akanieleza huku anafanya kazi, mwanamke mdogo tu, sauti ya upole. Paka jike njia yake ya mkojo ni fupi na pana, ndo maana mara nyingi yeye anaishia kupata maumivu na damu tu. Dume njia yake ni ndefu, na inavyokwenda mwisho inakuwa nyembamba mno, hivyo ute mzito ukichanganyika na vichembe kama mchanga, fuwele, inatosha kuziba. Ikishaziba figo zinashindwa kutoa taka, mkojo unarudi kwenye damu kama sumu, potasiamu, madini ya kwenye damu, inapanda, na potasiamu ikipanda moyo unakwenda polepole mpaka unasimama. Siku moja, mbili, tatu na mnyama ameondoka. Kashata ya kwake ilikuwa imeshapanda, ikabidi wamchome kwanza dawa ya kulinda moyo ndipo wamlaze usingizi wamuwekee mpira wa kutoa mkojo.

Nilikaa nje kwenye benchi. Ulipotoka ule mkojo daktari akaniita nikauone kwenye mfuko, mwekundu kama rosela, na nikalia mbele za watu.

Sasa hela, maana najua ndo unayoisubiri. Kumuona daktari elfu thelathini, vipimo vya damu na mkojo sitini, usingizi na kuzibua laki na nusu, kulazwa siku tatu kwa arobaini kila siku, laki na ishirini, dawa arobaini na tano. Laki nne na elfu tano. Niliuliza kwa nini siku tatu wakati ameshazibuliwa, nikaambiwa ukifungua mkojo figo zinamwaga maji mengi kupita kiasi kwa muda, bila dripu anakauka, na mpira ukitolewa mapema anaziba tena. Na kuziba tena ndo kulikonitia hofu kuliko yote, kwa sababu wengi wanaziba tena wiki za mwanzo, na Kashata siku ya tisa baada ya kurudi nikamuona tena kwenye beseni anajikamua, saa tatu usiku. Safari hii sikusubiri hata dakika, nikabeba, akakutwa bado potasiamu iko sawa, akazibuliwa, akalala usiku mmoja, laki na themanini. Jumla laki tano na themanini na tano. Laki sita ulizozisikia kwa mama yangu mzazi ni hizo, aliongezea kidogo.

Nusu nililipa papo hapo na nusu nilikubaliwa kulipa mwisho wa mwezi, kwa sababu niliomba mwanzoni kabisa, nikasema hela niliyonayo ni hii, mnaanza na nini. Naliweka hapa kwa mwenye shida kama yangu, sema kiasi chako mapema kabla kazi haijaanza, usione aibu, daktari mwenye utu atakuambia kipi hakiwezi kungoja na kipi kinangoja. Na usikimbilie mikopo ya kausha damu, mimi nilishika simu nikaiweka chini. Daktari pia alinieleza kwamba akiendelea kuziba kuna operesheni, wanaikata ile sehemu nyembamba ya mwisho wanampa njia pana kama ya jike. Bei yake sikuiuliza mara ya pili. Na nilimwambia ukweli, nikizidiwa kabisa nitakuomba umlaze asiamke, simrudishi nyumbani akapasuke kibofu sakafuni. Akanijibu hiyo nayo ni tiba, si dhambi yako. Nimelibeba hilo neno mpaka leo.

Bibi alikuwa akitusimulia habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie. Mimi ndiye niliyemfungia Kashata ndani mama. Hawezi kwenda kujitafutia daktari. Friji nitanunua zamu ijayo.

Nyumbani sasa tumebadilisha mambo. Paka asili yake ni wa nchi kame, hana kiu kama mbwa, anakunywa kidogo mkojo unakuwa mzito, basi kazi yangu ni kumpitishia maji kwa chakula. Dagaa wakavu sasa nawaloweka, nawachemsha, namwaga maji ya kwanza chumvi itoke, halafu nawachemsha tena na mchuzi wake namwagia. Ila si mchuzi wetu wa kula sisi, kitunguu na kitunguu saumu vinamuharibia damu. Vyakula vya pakiti vikavu nimepunguza, nanunua vya maji nikiweza. Bakuli za maji tatu, pana, mbali na chakula, beseni la mchanga la pili chumbani, na dirisha la uani nimeliziba kwa boksi asimuone yule adui yake. Na kila siku natazama mchanga umelowa kiasi gani. Watu wananicheka napekua mchanga wa paka saa kumi na mbili asubuhi, lakini huo mchanga ndo unaonipa usingizi.

Sasa mama mdogo nifike nilipotaka kufika.

Siku ya pili Kashata amelazwa nilikuwa namtazama kwenye kizimba chake, kajikunja vile vile, na nikamuona Sultani. Nilikuwa darasa la nne, mwaka 2003, kwa bibi Ngamiani. Unakumbuka alivyokuwa, mnene, halali ila kwenye mkeka wa bibi. Unakumbuka alikuwa nyuma ya nyumba kwenye mchanga uliobaki wa fundi, siku nzima, anachuchumaa, anainuka, anachuchumaa. Sisi watoto tulikuwa tunamfuata. Bibi akasema kafunga choo, akampa mafuta. Usiku analia, siku ya pili anatapika, siku ya tatu asubuhi ni wewe uliyemkuta chini ya mtungi wa maji. Na tumbo lake lilikuwa gumu, nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyembeba kwenda kumzika.

Na wiki ile ile mama wa nyumba ya pili alikuwa ametega sumu ya panya, alisema mwenyewe kwa mdomo wake, tena alikuja kumtahadharisha bibi. Ikawa ndo hiyo hiyo. Watu waliokuwa wanapelekeana futari kila Ramadhani, chumvi ikiisha huku inachotwa kule, wakaacha hata kusalimiana. Bibi alipofariki yule mama alikuja, nilimuona, alikaa barazani na wapita njia, hakuingia ndani walipo wanawake, na hakuna kati yetu aliyemwambia karibu ndani. Hata mimi.

Nilimsimulia daktari yote. Akauliza dume? Dume. Mnene? Mnene. Alikuwa anajikamua kabla ya kutapika, au baada? Kabla, siku nzima kabla. Alitokwa damu puani, alitetemeka, alidondoka ghafla? Hapana, alikwisha taratibu. Akasema, "Siwezi kuapa kwa paka nisiyemuona. Ila ungemleta kwangu leo na maelezo hayo, kitu cha kwanza ningeshika kibofu."

Hakuna aliyekosa pale nyumbani, bibi hakukosa, nani angejua wakati ule, na hata angejua angempeleka wapi. Lakini kwa yule mama wa nyumba ya pili tumekosa, na ni kosa la miaka zaidi ya 20. Kaka aliniambia bado yupo, macho hayaoni vizuri, anashinda barazani kwake. Mimi nitakuja mwezi wa kumi na mbili, Mungu akipenda, lakini mtu mzima vile simuwekei miadi ya mwezi wa kumi na mbili.

Kwa hiyo naomba wewe utangulie. Nakutumia elfu ishirini leo jioni na ya kutolea, nunua sukari na mchele uende navyo, na kabla hujakaa mpe salamu yangu, umwambie mjukuu wa shoga yake amesema Sultani aliziba mkojo, hakula sumu ya mtu.

Na yule dume wako mwekundu mama, kesho asubuhi mtazame anapokojoa.

Mwanao,
Mbagala