Salamu za shukrani baada ya msiba wa mama yetu, Muheza

Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun.

Sisi watoto, wajukuu na ndugu wa marehemu mama yetu, aliyetangulia mbele ya haki kwa saratani ya koo la chakula, tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia kumuuguza mzazi wetu mpaka mwisho. Na tunawashukuru nyinyi mliotushika mkono.

Kilichotulemea zaidi ni zile wiki za mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, Jumatatu hadi Ijumaa, kila siku kwenda na kurudi Magomeni. Mama alifika mahali hata maji yakawa yanampalia. Kumwona aliyekulisha utotoni anageuza uso chakula kikiletwa, jamani, inauma. Basi jirani yetu wa mlango wa pili, bila kuombwa, akawa anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, anapika uji wa mchele, anauchuja kwa chujio kisha kwa kitambaa, anautia kwenye chupa ya chai na kutugongea dirishani. Mama aliunywa kwa kijiko, kidogo kidogo, huku foleni ikisogea. Siku nyingine hakutia kitu kingine kinywani. Na jirani huyu ni muuza vitumbua, mchele ndio mtaji wake. Dada, Mungu akuzidishie. Umeshakuwa wa tumbo moja nasi.

Kijana wa bajaji naye hatutamsahau. Ana tajiri anayesubiri hesabu jioni, lakini siku tulizokosa nauli alisema, “Bibi apande kwanza, hela tutaongea.” Hajaiongelea mpaka leo. Na muuguzi wa zamu ya usiku, Mkristo, ndiye aliyetupigia simu tuwahi kumlakinia mama shahada. Tuliwahi, alhamdulillah. Mungu wetu sote amlipe.

Tunawashukuru pia madaktari na wauguzi wote, majirani wa Magomeni, kina mama wa kufa na kuzikana, wafanyakazi wenzetu, dereva aliyetupitisha Chalinze na Segera usiku ule hadi Muheza, vijana waliochimba kaburi mvuani, waliomuosha na kumvisha sanda, masheikh, wanafunzi wa madrasa waliosoma hitma, waliotoa turubai, kuni, mchele, waliotuma rambirambi kwa simu, na waliokuja kukaa nasi tu.

Mtuwie radhi sana. Daftari la rambirambi lililowa na kurasa za mwisho hazisomeki, kwa hiyo wengi hatukuweza kuwapigia mmoja mmoja. Ukiona kimya chetu usidhani tumekudharau. Tusamehe kwa ajili ya Mungu.

Anayemdai marehemu chochote, hata kiwe kidogo, tafadhali afike kwa kaka yetu mkubwa nyumbani Muheza tumalizane. Tunawaomba pia mumsamehe kama aliwakosea. Masufuria na masinia yaliyobaki tumeshayaosha, wenyewe karibuni mchukue. Dua ya arobaini tutawatangazia.

Allah amrehemu mama yetu na amlaze mahali pema. Amin.